Pete ya fedha haipimi sumu ya uyoga

Mvua zikianza Mwanza, ujumbe ule ule hurudi kwenye magrupu: chemsha uyoga wa porini pamoja na pete ya fedha au kitunguu swaumu, visipogeuka vyeusi, kula bila hofu. Wengine huongeza kuwa uyoga ulioliwa na wadudu ni salama.

Si kweli. Fedha huwa nyeusi ikikutana na salfa, si na sumu ya uyoga. Jaribu mwenyewe: fukia pete ya fedha kwenye kiini cha yai lililochemshwa, kikiwa bado cha moto. Baada ya saa kadhaa itaingia weusi, ilhali yai halina sumu. Amatoksini, sumu inayoharibu ini, haibadilishi rangi ya pete, na kuchemsha au kukausha hakuiondoi. Konokono na funza huula uyoga wenye sumu hiyo wasidhurike.

Imani hii hudumu kwa sababu uyoga wa vichuguuni tuliouzoea ni chakula kizuri, hivyo pete huonekana imesema kweli. Tena madhara huchelewa: kutapika na kuhara huanza saa 6 hadi 24 baada ya kula, kisha mgonjwa hupata nafuu ya muda huku ini likizidi kuharibika.

Mjuzi huung'oa uyoga mzima, akakagua shina hadi kitako kilichofukiwa udongoni. Hakuna alama moja inayotosha. Usioujua, uache.

Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia usiusambaze. Kuna atakayeuamini akawapikia watoto. Aliyekula akaanza kutapika awahishwe hospitali, na mabaki ya uyoga yabebwe.