Kupasua gogo si kukata gogo

Juzi jirani yangu alimwachia kijana mwenye chenso (msumeno wa mnyororo wa injini) gogo la mwembe la futi tisa. Akamwambia, "Nikatie hili, nataka meza." Aliporudi jioni alikuta mapande manne yamesimama uani kama vinu. Kijana alitenda alichoambiwa: alikata. Meza haikupatikana tena.

Jirani alitaka kupasuliwa. Kupasua gogo ni kulichana kwa urefu wake, toka kitako hadi ncha, litoe mbao au zile bapa nene na pana ambazo siku hizi watu wanaziita slebu. Maana ni hiyo tu. Kinachoniuma ni kusikia "kukata mbao" kila mahali, hata kwa watu wanaokula kwa kazi hiyo.

Sikiliza tunavyosema wenyewe. Mguu ukikatwa, umeondoka. Tumbo likipasuliwa, limefunguliwa, na ndiyo maana hospitali ina chumba cha upasuaji. Mua tunaukata pingili pingili, lakini kuni tunazipasua, kwa sababu shoka linafuata njia ambayo nyuzi za mti zimekwisha kuichora. Jipu linapasuliwa, mpasuko unaonekana ukutani, ardhi kavu inapasuka. Kote humo kitu kinaachana kwa kufuata mstari wake. Anayesema "kuchana mbao" simsahihishi, maana kuchana nako kunafuata urefu, kama kitambaa au nywele. Na wale wazee wa msumeno wa shimo, mmoja juu ya gogo, mwenzake chini vumbi likimjaa machoni, waliitwa wapasua mbao.

Kuna aliyenijibu kwa methali: sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Sawa, msumeno hukata. Methali hiyo inazungumzia meno, haizungumzii gogo.

Tena chenso yenyewe inaijua tofauti hii. Mnyororo wa kukatia hunolewa meno yake kwa pembe ya digrii 30 hivi. Wa kupasulia huwa karibu na digrii 10, kwa sababu jino sasa halikati nyuzi kwa ubavu, linazikwangua nchani, na linafanya hivyo kwa upana wote wa gogo, mita baada ya mita. Ni kazi nzito mno. Chenso ndogo ya kupogolea matawi itachemka kabla hujafika katikati. Gogo pana linataka injini ya sentimita za ujazo 90 au zaidi. Hata vumbi linabadilika: ukikata linaruka chenga chenga, ukipasua linamwagika laini kama unga.

Unga huo ni mali yako inayopotea. Mnyororo hula milimita 9 hivi kila unapopita, wakati msumeno wa utepe, ule wa ukanda mwembamba wa chuma, hula 2 au 3. Ukipasua mbao za inchi moja, mipasuo kumi imeshageuza mbao tatu kuwa vumbi. Ndiyo maana mimi chenso naiona inafaa kwa slebu nene, ambako mipasuo ni michache, na kwa gogo lililoanguka mahali ambapo gari halifiki.

Fundi anayeijua kazi huanza kwa kupiga uzi. Anaupaka unga mweusi wa betri kuukuu, anaukaza toka ncha hadi ncha, anauinua kidogo kwa vidole viwili na kuuachia. Mstari unabaki juu ya gogo, umenyooka. Ukimwambia "kata" naye anauona mstari unaenda kwa urefu, atakuuliza kwanza. Kijana wa juzi hakuwa na uzi.

Basi, jirani, mwembe wa pili ukianguka sema hivi: "Nipasulie gogo hili kwa urefu, slebu za inchi mbili na nusu." Zile ncha mbili zilizochakaa, hizo mwambie azikate.