Penisilini inavyoua bakteria

Penisilini pamoja na jamaa zake, kama amoksilini, ampisilini, seftriaksoni na meropenemu, huitwa viuavijasumu vya ukuta wa seli. Wengi hudhani dawa hizi ni sumu inayomwingia bakteria na kumwangamiza kutoka ndani. Sivyo zinavyofanya kazi. Zinavuruga ujenzi wa ukuta unaomzunguka, na bakteria anakufa kwa sababu anaendelea kukua huku ujenzi umeharibika. Ukilishika hilo, maelekezo mengi ya hospitalini yanaanza kueleweka.

Ndani ya bakteria mmekolea chumvi, protini na vitu vingine kuliko majimaji ya nje. Maji huelekea palipokolea, kwa hiyo yanapenya kuingia muda wote na shinikizo linapanda. Kwa bakteria aitwaye Staphylococcus linaweza kufikia takriban mara 20 ya shinikizo la hewa inayotuzunguka. Utando laini wa seli peke yake haulimudu. Anayemwokoa ni ukuta wa nje uliotengenezwa kwa peptidoglikani: nyuzi ndefu za sukari zilizofungamanishwa kwa vipande vifupi vya asidi amino, mithili ya wavu. Nyuzi zisipofungamanishwa, ukuta hauna nguvu yoyote.

Hapo kwenye kufungamanisha ndipo penisilini inapopiga. Kipande kipya cha ukuta huletwa kikiwa na mkia unaoishia na alanini, aina ya asidi amino, mbili zilizofuatana. Kimeng'enya kiitwacho transpeptidasi huudaka mkia huo, hukata alanini ya mwisho, kisha huunganisha sehemu iliyobaki na uzi wa jirani. Kikimaliza hujiachia na kwenda kwenye mkia mwingine. Sasa, penisilini ina pete ndogo ya atomu nne, yaani beta-laktamu, na umbo la eneo hilo linafanana mno na zile alanini mbili. Kimeng'enya kinaidaka kama ambavyo kingedaka mkia halisi. Pete inafunguka, inagandamana nacho, na hakiwezi tena kujinasua. Kazi yake imeishia hapo.

Lakini kukosa ukuta mpya hakutoshi kumuua bakteria papo hapo. Anapokua hulazimika kuukata ukuta wa zamani hapa na pale ili apachike vipande vipya, na vimeng'enya vya kukata havizuiwi na penisilini. Kukata kunaendelea, kuunganisha kumesimama. Ukuta unadhoofika, shinikizo la ndani linasukuma, bakteria anapasuka. Alexander Fleming aliyaona matokeo haya London mwaka 1928: kwenye sahani iliyoota ukungu, makundi ya Staphylococcus yaliyokuwa karibu na ukungu huo yalikuwa yakiyeyuka na kubaki kama kivuli. Kwangu mimi hakuna dawa iliyobuniwa kwa akili kuliko hii, na haikubuniwa na binadamu. Ukungu ulikuwa nayo tayari.

Seli zetu hazina peptidoglikani, ndiyo maana penisilini inaweza kutolewa kwa dozi kubwa na kwa kawaida isitudhuru; hatari kubwa ni mzio, ambao huwapata baadhi ya watu na unaweza kuwa mkali. Virusi navyo havina ukuta huo, hivyo kumeza amoksilini kwa ajili ya mafua ni kupoteza dawa. Hata bakteria wapo wasio na ukuta: Mycoplasma, mmoja wa wanaosababisha nimonia, haguswi na penisilini hata kidogo.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni saa. Dawa hizi zinahitaji kumkuta bakteria akijenga. Aliyetulia bila kukua huponyoka kirahisi. Kwa hiyo kinachohesabika ni muda ambao dawa inabaki mwilini kwa kiwango cha kutosha, kuliko wingi wake kwa mara moja. Ukiambiwa umeze kila baada ya saa 8, kumeza vidonge vya siku nzima kwa mkupuo mmoja hakufanyi kazi ileile. Mfano mzuri ni kaswende. Kimelea chake hugawanyika polepole sana, mara moja kwa zaidi ya siku nzima, kwa hiyo hutolewa sindano ya penisilini ya benzathini, inayokaa kwenye msuli na kuachilia dawa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ugonjwa huo bado unasikia penisilini mpaka leo.

Bakteria wengine wamejifunza kuikwepa. Mwaka 1940, kabla dawa haijaenea, Edward Abraham na Ernst Chain wa Oxford walieleza kimeng'enya cha bakteria kinachoiharibu. Vimeng'enya vya jamii hiyo, beta-laktamasi, huivunja pete kabla haijafika ukutani. Ndiyo sababu amoksilini mara nyingine huchanganywa na asidi ya klavulaniki, ambayo huvinasa vimeng'enya hivyo ili amoksilini ipite. Staphylococcus sugu kwa methisilini, jamaa mwingine wa penisilini, aliyeripotiwa Uingereza mwaka 1961, ana mbinu tofauti: anatumia transpeptidasi nyingine ambayo pete hainasi vizuri, kwa hiyo kumwongezea klavulaniki hakusaidii.

Kwa mgonjwa wa namna hiyo huenda ikatumika vankomisini. Nayo inazuia ujenzi wa ukuta, ila haishughuliki na kimeng'enya. Inaushika mkia wenyewe wa alanini mbili na kuufunika, kimeng'enya kikija hakina pa kudaka. Ilionekana vigumu kwa bakteria kulikwepa hilo, kwani ingembidi abadilishe malighafi ya ukuta wake. Baadhi ya Enterococcus wamefanya hivyo hasa: wameondoa alanini ya mwisho na kuweka lakteti mahali pake, na kwa badiliko hilo moja vankomisini inaushika mkia kwa nguvu iliyopungua takriban mara 1,000.