Ingia jikoni, mzee wangu, ingia tu

Jumamosi, kwenye uwanja wetu wa pikoboli, mchezo wa kupigiana mpira wa plastiki kwa vibao juu ya wavu, nimeisikia tena ile kauli. Mpira umedondoka hatua moja kutoka kwenye wavu, laini, na mzee wangu mmoja, mstaafu wa reli, amesimama nyuma ya mstari na kibao mkononi anautazama. Ukadunda. Ukadunda tena. Ukabingirika mpaka kwenye kiatu chake.

"Mzee wangu, mbona hukuupiga?"

Akanishangaa. "Mwalimu, si jikoni kule? Jikoni haturuhusiwi."

Wenzake watatu wakatikisa vichwa kukubali, kama watu waliokesha wakisoma sheria.

Tangu nianze kufundisha pikoboli hapa Kigoma, kauli hii nimeisikia kwa watoto wa shule, kwa walimu wenzangu, hata kwa kijana aliyekuja likizo kutoka Dar na kibao cha bei kubwa kuliko wavu wetu. (Wavu wetu ni kipande cha nyavu za dagaa kutoka Kibirizi, tumekikunja na kukishonea utepe mweupe juu. Pembeni sentimita 91, katikati 86. Msiukaze ule mlegeo wa katikati, ndivyo unavyotakiwa uwe.) Basi leo naandika, na atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Mengine nayapitia mbio kwa sababu hayanikeri. Mpira unaanzishwa kwa mkono kutokea chini, usizidi kiuno, kwenda boksi la mshazari. Ukiudondosha ukadunda kwanza, habari za kiuno zinaisha. Anayepokea lazima auache udunde. Ukirudishwa, upande ulioanzisha nao uuache udunde. Baada ya hapo ndipo ruhusa ya kupiga hewani, yaani kabla mpira haujadunda, inafunguka. Alama, kwa hesabu tunayotumia sisi, anapata anayeanzisha tu, mpaka 11, na lazima umzidi mwenzako mbili. Mpira wa kuanzisha ukigusa wavu ukaangukia boksi sahihi, mchezo unaendelea, na imekuwa hivyo tangu 2021, kwa hiyo nyie mnaopaza sauti "rudia! rudia!" mmepitwa. Zile namba tatu zinazotajwa mkicheza wawili kwa wawili (alama zenu, alama zao, na kama anayeanzisha ni wa kwanza au wa pili) zinawatesa watu wote. Mtazoea.

Sasa jikoni. Ni ule ukanda wa mita 2.13 kila upande wa wavu. Sheria haisemi usiingie. Inasema usipige mpira hewani ukiwa umeukanyaga. Kuingia msikitini ni jambo moja, kuingia na viatu ni jambo jingine, na hapa Kigoma hakuna anayehitaji kufafanuliwa tofauti hiyo.

Ukitaka kusimama mle tangu mwanzo wa gemu hadi mwisho, simama. Utapigwa mipira ya kifua, lakini hilo ni kosa la akili, si la sheria. Mpira ukija mfupi, ingia uufuate. Wala huhitaji kusubiri udunde ndipo uingie, tangulia kabisa ukausubiri, ila uache udunde kabla hujaupiga. Kisha toka. Na kutoka maana yake miguu yote miwili imegusa chini nje ya mstari kabla hujapiga tena hewani. Mmoja nje na mwingine bado unaelea? Bado uko jikoni.

Angalia miguu, usiangalie mpira. Hewa iliyo juu ya jikoni haina sheria. Simama nje, nyoosha mkono, upige mpira ulio juu ya ukanda wako: halali. Kuna watu wamesusa gemu kwa ajili ya pigo hilo, na wote walikosea.

Mstari nao ni sehemu ya jiko. Ncha ya kiatu ikiugusa, umeingia. Mpira wa kuanzisha ukiugusa mstari huo ni kosa, ilhali mistari mingine ya boksi ni ndani. Hapa niwagombeze wachora viwanja. Mwaka 1965, kisiwani Bainbridge, jimbo la Washington huko Marekani, Joel Pritchard na Bill Bell, waliobuni mchezo huu, walikuwa na uwanja wa badminton lakini hawakuwa na raketi za kutosha, wakashika vibao vya tenisi ya mezani na mpira wa plastiki wenye matundu. Ndiyo maana vipimo vya nje karibu ni vilevile, takriban mita 13.4 kwa 6.1, na ndiyo maana watu wanachukua mistari ya badminton wanasema yatosha. Haitoshi! Mstari wa mbele wa badminton uko mita 1.98 kutoka kwenye wavu. Mmeiba sentimita 15, nusu kiatu, na ugomvi wetu wote ni wa ncha ya kiatu.

Linalonisumbua mimi mwenyewe ni kasi ya mwili. Umepiga hewani ukiwa nje, halafu kasi ikakusukuma ndani: kosa, hata kama mpira umeshakufa upande wa pili. Kasi inaisha lini? Sheria inataka uwe umerudisha mizani na kuumudu mwili wako. Kwa kijana unaona. Kwa mzee mwenye goti bovu, ambaye hata akisimama dukani anayumba, nimeamua vibaya zaidi ya mara moja. Hatuna refa. Mkibishania jikoni, mnarudia, na Jumamosi nyingine tunarudia mpaka jua linazama upande wa Kongo.

Halafu nikiri: neno "jikoni" nililileta mimi. Jina rasmi, eneo la kutopiga hewani, ni refu kama treni ya mizigo, nikaona nitafsiri lile la utani. Sikufikiria kwamba nusu ya wanafunzi wangu ni wanaume waliolelewa kufukuzwa jikoni. Huenda makosa yote haya nimeyapanda mwenyewe.

Gemu iliyofuata mzee aliingia, akauinua mpira uliodunda, akarudi nyuma miguu yote miwili, akasubiri, akaupiga unaofuata hewani kwa nguvu zote. Miguu ilibaki nje, imetulia. Kofia yake ikadondoka mbele ya mstari.

Kosa. Chochote ulichovaa kikiangukia mle kwa pigo la hewani ni kosa. Aliiokota, akaipangusa vumbi polepole, akaniuliza kama sheria hiyo kweli iliandikwa na mtu mwenye kofia.