Samaki Aliyelala Barafu

Ijumaa iliyopita, baada ya Isha, mzee mmoja alitaka kumuona mpishi. Nikatoka jikoni, nikamwamkia. "Mwanangu," akaniuliza, "huyu changu kalala barafu?" Nikamjibu, ndiyo Baba, tangu alipotoka majini. Akasukuma sahani. "Basi si mbichi huyu."

Ni miaka mingi nanunua na kupika samaki katika mkahawa wa zamani humu Mji Mkongwe, Zanzibar, wenye ubao wa chaki badala ya menyu, na hakuna neno linalonichosha kama hilo. Wenyeji wanaliamini, wageni wanaliamini, hata wachuuzi wanaojua ukweli wanalirudia kwa kuwa linawauzia.

Samaki haharibiwi na barafu. Anaharibiwa na joto. Akishakufa, bakteria wa kwenye mashavu na matumbo huanza kazi papo hapo, na vimeng'enya vya mwili wake mwenyewe huanza kuilegeza nyama. Kwenye nyuzi 30 za hapa kwetu hiyo ni kazi ya saa chache. Karibu na nyuzi 0 inakwenda polepole mno. Tena samaki wa bahari ya joto kama yetu huvumilia barafu kuliko wa bahari za baridi, kwa sababu bakteria wao wamezoea joto na ubaridi unawadumaza. Changu aliyefunikwa barafu vizuri tangu chomboni hukaa wiki nzima na bado ni mtamu.

Sasa mfikirie huyo anayeitwa mbichi. Kavuliwa saa nne usiku, kalazwa ndani ya ngalawa hivi hivi, kafika diko la Malindi asubuhi, kanadiwa, kafungwa kwenye baskeli mpaka Darajani, na adhuhuri bado yuko mezani anamwagiwa maji ili ang'ae. Saa 14 za joto. Hajaguswa na barafu, ni kweli, na ndiyo maana simnunui.

Najua dhana hii ilikotoka. Muuzaji samaki wakimlalia hadi jioni ndipo anapowatia barafu, kesho anawarudisha sokoni, na watu wamejifunza kuwa barafu maana yake ni mabaki. Lakini barafu haimfufui samaki. Inamhifadhi kama ilivyomkuta. Swali si kama kalala barafu. Swali ni alianza saa ngapi kulala. Ulizeni hivyo, kwangu na kwa mwengine yeyote.

Kwa jodari, nguru na vibua jambo hili si la ladha tu. Nyama yao ina histidini nyingi, kiini kimoja cha protini, na ikikaa kwenye joto bakteria huigeuza kuwa histamini, nayo ndiyo sumu. Mlaji uso unamuwaka, kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, vipele vinamtoka, midomo inamwasha kama aliyetafuna pilipili manga. Watu wanasema ana aleji ya samaki, naye anaacha kula jodari miaka na miaka, kumbe kosa ni la aliyemuacha jodari juani. Halafu nasikia: "Mkamulie ndimu, mkaange mpaka akauke, sumu itakufa." Haifi! Histamini haiondoki kwa moto, wala ndimu, wala siki, wala kwa kumgandisha baadaye. Na jodari wa namna hiyo anaweza asinuke hata kidogo. Ndimu inakata shombo, basi. Ndiyo maana sinunui samaki aliyekwishapakwa ndimu na viungo: pua yangu nimeshanyang'anywa.

Wanaoamini kuwa moto unamaliza kila sumu wakumbuke Kisiwa Panza, Pemba, Machi 2024. Watu 9 walikufa kwa kula nyama ya kasa, 8 kati yao watoto, na wengine 78 walilazwa. Nyama ile ilipikwa.

Macho je? Msiyategemee peke yake. Barafu ikigusa jicho huweza kulitia ukungu na samaki akawa mzima kabisa. Funueni mashavu, yawe mekundu, si kahawia. Bonyezeni nyama, irudi. Tumbo lisiwe limelegea.

Wengine hulalamika kuwa mkahawa wenye jina haufai kuwa na samaki wawili tu ubaoni. Njooni kusi likivuma, Juni au Julai, mtazame bahari ilivyo na ngalawa zilivyopandishwa pwani. Ubao mfupi siku hizo ni ukweli wa bahari. Wenye ubao mrefu mwaka mzima ndio wa kuulizwa.

Ziko na dhana nyingine. Samaki na mtindi kuleta mbalanga: hapana. Mbalanga hutokea kinga ya mwili inapoziharibu seli zinazotia ngozi rangi. Kuleni.

Supu ya pweza na nguvu za kiume: ni chakula kizuri chenye protini, madini ya chuma na zinki, lakini si dawa, na anayehitaji dawa aende kwa daktari.

Na kwamba pweza asipopigwa hawezi kuwa laini. Kupiga kunasaidia, sikatai, bibi yangu alimpiga kwenye jiwe mpaka mkono ukamuuma. Lakini kugandisha kunafanya kazi ile ile: maji yaliyomo ndani ya nyama yanapoganda huzipasua nyuzi zake. Pweza wetu wa nazi hulala friza siku mbili kabla ya kuingia chunguni, na hapigwi hata mara moja.