Kisigino cha mtoto wa siku mbili

"Daktari, kwani huyu ako na shida gani?"

Swali hilo mama za Kisumu huniuliza nikimshika mtoto mguu tayari kumtoboa kisigino kupima selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Hana shida yoyote: ananyonya, analia kwa nguvu, kilo zake tatu anazo. Mtoto mwenye selimundu huzaliwa hivyohivyo, kwa sababu bado anatumia himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) aliyokuja nayo kutoka tumboni. Hiyo hupungua polepole. Akikaribia miezi sita ile ya kurithi imeshika nafasi, chembe nyekundu zinajipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Siku moja viganja na nyayo zinavimba, ngozi imevutika inang'aa, na ukimgusa tu analia. Jirani atasema ni sihoho, jicho baya. Wakati huo miezi ya kumkinga imeshapita.

Kipimo chenyewe ni kidogo. Kisigino kinapashwa joto kwa kitambaa cha maji vuguvugu, kinatobolewa pembeni, tone la kwanza linapanguswa, yanayofuata yanajaza viduara kwenye karatasi nene. Karatasi inakauka ikiwa imelazwa kivulini. (Nimewahi kuzikuta zimeanikwa dirishani kwenye jua la saa sita, zote zikatupwa, na akina mama wakaitwa tena.) Siku hizi vipo pia vipimo vya papo kwa papo, dakika chache jibu liko mezani. Si kila kituo kinavyo, kwa hiyo uliza ukiwa bado mjamzito.

Mbona selimundu ituandame sisi wa ziwani? Malaria. Mwenye jeni moja tu ya selimundu, yaani AS, si mgonjwa, na malaria kali haimwezi kirahisi. Mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Gilgil, alilieleza hilo mwaka 1954. Ukihamia Nakuru unawaacha mbu wengi nyuma, lakini jeni unahama nayo.

Baba na mama wote wakiwa AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa SS, yaani mtoto mwenye jeni mbili za selimundu, mgonjwa. Kila mimba, kete inarushwa upya. Na wanaume wanaomrudisha mke kwao kwa "damu mbaya" wanisikie: mtoto wa SS amepewa jeni moja na mama, moja na baba. Mkitaka kulaumu, laumianeni sawasawa.

Jibu likiwa SS, penisilini ya kunywa inaanza kabla ya miezi mitatu, asubuhi na jioni, hadi miaka mitano. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1986 ulionyesha inapunguza maambukizi ya bakteria wa nimonia kwa asilimia 84. Chanjo zisirukwe, neti isikose, na dawa ya kuzuia malaria utapewa kliniki. Tutakufundisha pia kupapasa wengu, chini ya mbavu za kushoto: likivimba ghafla na mtoto akapauka, beba mtoto uje.

Jibu liandikwe kwenye kijitabu cha mama na mtoto, ukurasa wa mbele, kwa wino. Homa ikigonga nyuzi 38 saa nane za usiku, muuguzi wa zamu asiyekujua ataanza kusoma hapo.