Injini mbili za Bo 105, na mikono inayozigusa

Abiria wakiiona helikopta ya Bo 105 ikivutwa kutoka hangani pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, swali la kwanza huwa lilelile: "Hii ina injini mbili, sivyo?" Nikijibu ndiyo, nyuso zinakunjuka na mikanda inafungwa kwa moyo mkunjufu. Nimekuwa fundi wa helikopta hizi kwa miaka mingi na ninazipenda. Ndiyo maana nataka anayepanda ajue injini ya pili inampa nini, na wapi haimsaidii hata kidogo.

Bo 105 ilizaliwa Ottobrunn, karibu na Munich, Ujerumani, na iliruka mara ya kwanza tarehe 16 Februari 1967. Iliyoipa sifa ni rota yake, yaani mapanga yanayozunguka juu na kitovu chake. Helikopta nyingi za zama zile mapanga yake yalishikwa kwa bawaba ili yaweze kupanda na kushuka. Ya Bo 105 yamefungwa kwenye kitovu kigumu cha titani, na kupinda kote kunafanywa na panga lenyewe la faibaglasi. Rubani akigusa fimbo, ndege inaitika papo hapo. Hii ndiyo helikopta unayoiona kwenye maonyesho ikipinduka miguu juu. Lakini nguvu ya mapanga hayo lazima iende mahali, nayo inaishia kwenye mhimili wa rota. Kwa hiyo rubani ana geji maalumu ya kumwonyesha mhimili unapindwa kiasi gani. Akiwa bado ametua, hasa kwenye mteremko, akasukuma fimbo kupita kiasi, mhimili unaumia bila ndege kutikisika sana. Rubani mwungwana anakuja kuniambia, "Fundi, nimepitisha alama." Nampenda rubani wa namna hiyo kuliko yule asiyekosea kamwe, maana ukaguzi baada ya alama kupitishwa ni wa lazima, na bila neno lake nisingejua pa kuanzia.

Nyuma ina milango miwili inayofunguka kama ganda la chaza, na mkia uko juu, hivyo machela inaingizwa moja kwa moja kutoka nyuma. Tarehe 1 Novemba 1970 Bo 105 ilianza kazi Munich kwa jina la Christoph 1, helikopta ya uokoaji yenye daktari ndani, na mfano huo ukaenea Ujerumani nzima.

Sasa tuje kwenye nguvu. Injini zake ni Allison 250-C20B, ambazo leo ziko chini ya Rolls-Royce. Moja ina uzito wa kilo 72 hivi, watu wawili wanaibeba, nayo inatoa nguvu za farasi 420. Watu wanajumlisha haraka: 840. Giaboksi, inayopeleka nguvu za injini kwenye rota, haikubali hesabu hiyo. Giaboksi ya kawaida ya Bo 105 inapokea nguvu za farasi 345 kutoka kila injini, yaani 690 kwa jumla. Injini moja ikizimika, ile iliyobaki inaruhusiwa kusukuma hadi 380. Kwa hiyo siku ya shida unabaki na zaidi kidogo ya nusu ya ulichokuwa nacho, na hiyo ni kama injini yenyewe inaweza kuzitoa.

Nairobi mara nyingi haiwezi. Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho hewa ya kawaida ya vitabu ingekuwa nyuzi 4 za Selsiasi. Mchana wa Februari ikifika nyuzi 26, hewa inakuwa nyepesi kana kwamba uko futi 8,100. Mapanga yanashika hewa kidogo, injini inavuta hewa kidogo, na joto la gesi linapanda upesi. Kwa C20B, nyuzi 810 ndiyo mwisho wakati wa kuondoka, tena kwa dakika tano tu. Mombasa kwa nyuzi 32, ndege hiyohiyo inajiona iko futi 2,000 hivi. Hizo ni ndege mbili tofauti kwa mujibu wa chati za uwezo wa ndege.

Hapo ndipo abiria anapopaswa kuelewa. Kuelea mahali pamoja kunakula nguvu nyingi; kwenda mbele kwa mwendo wa wastani, karibu kilomita 110 kwa saa, kunakula nguvu kidogo kuliko kuelea. Injini moja ikikata ukiwa juu na una mwendo, Bo 105 inaweza kukufikisha uwanjani. Ikikata umeelea juu ya paa la hospitali Nairobi saa saba mchana ukiwa umejaa, injini iliyobaki itakupunguzia kasi ya kushuka, lakini haitakushikilia hapo juu. Rubani mzuri analijua hilo kabla ya kuwasha. Ukimwona amekataa abiria wa nne, usimwite mwoga.

Ndiyo maana kazi za kuongeza vitu naziangalia kwa jicho kali. Ndege hii ikiwa tupu ina kilo 1,300 hivi, na toleo la CBS-5 linaruhusiwa kuruka na kilo 2,500. Kila mteja ana orodha yake: taa kubwa ya kusakia usiku, kamera chini ya pua, ndoano ya mizigo, redio ya tatu, kikata nyaya za umeme. Karatasi za kibali zinaweza kuwa safi kabisa, kila kifaa kimeidhinishwa peke yake, lakini hakuna karatasi inayouliza vyote pamoja vinamwachia nini rubani mwenye injini moja. Mizani ndiyo inayouliza. Mara moja tulifunga taa, kamera na redio, tukaipandisha ndege mizanini, ikaonyesha imeongezeka kilo 61. Hizo ni lita 76 za mafuta. Bo 105 inakunywa karibu lita 200 kwa saa, basi tulikuwa tumefunga dakika 23 za safari kwa bolti. Mteja alikuwa amesimama kando yangu. Nilipomfanyia hesabu hiyo kwa kalamu kwenye kipande cha boksi, aliomba redio ya tatu itolewe.

Kitu kimoja ninachokitetea kila mara ni kichujio cha hewa ya injini. Kinapunguza nguvu kidogo, ni kweli, na marubani wananung'unika. Lakini ndani ya C20B kuna kompresa, yaani sehemu inayoshindilia hewa, ya ngazi sita zenye vipanga vidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kisha gurudumu la kusukuma hewa kwa nje. Zikienda kasi kamili zinazunguka karibu mara 51,000 kwa dakika. Mchanga wa Turkana ukipita hapo kila siku unavilamba vipanga hivyo kama tupa. Huoni kitu kwa nje. Unachoona ni kwenye rekodi: kwa kimo kilekile, joto la nje lilelile na torki (nguvu ya kuzungusha) ileile, injini ya kushoto inachoma nyuzi 14 zaidi ya mwezi uliopita. Nikiona hivyo naosha kompresa kwanza. Joto likirudi chini, ulikuwa uchafu. Lisiporudi, ni vipanga vimeliwa, na hapo hakuna sabuni itakayosaidia.

Pwani tunasuuza kila siku ndege inapolala, kwa sababu ya chumvi. Na kuosha kwenyewe kuna mtego ambao nataka mafundi vijana wausome mara mbili. Kuna paipu nyembamba inayopeleka shinikizo la hewa ya kompresa kwenye kidhibiti cha mafuta. Kidhibiti kinapima hewa hiyo ili kijue kimpe injini mafuta kiasi gani. Maji yasiingie humo, kwa hiyo unaifungua paipu na kuiziba kabla ya kuosha, kisha unairudisha. Nati yake ikibaki imelegea, hewa inavuja, kidhibiti kinaamini injini imepungua kasi ya kuvuta hewa, kinabana mafuta. Injini haizimiki. Inarudi tu kwenye mwendo wa kupumzika, wakati rubani anahitaji nguvu yote.

Mwaka fulani kijana wangu mmoja aliosha injini ya kushoto vizuri sana, akafunga, akaja na kitambaa mkononi.

"Mzee, niendelee na ya kulia? Vifaa bado viko nje."

Nikamwambia asubiri. Nikachukua tochi nikapanda. Kwenye nati tunachora mstari wa rangi unaovuka hadi kwenye paipu, ili ikizunguka hata kidogo mstari uvunjike. Alikuwa amechora mstari mpya, mzuri, umenyooka. Nikaweka spana ya torki, ile inayotoa mlio nati ikifika ukazo unaotakiwa: nati ikazunguka karibu robo kabla ya spana kutoa mlio. Alikuwa ameikaza kwa mkono, akaitwa na mtu mlangoni, akarudi akachora rangi.

Kilichonitetemesha si nati hiyo moja. Ni kwamba angeenda upande wa kulia kwa mikono ileile, uchovu uleule, dakika kumi baadaye. Injini mbili zinamlinda abiria kwa sababu ni vigumu zote mbili kupatwa na balaa moja kwa wakati mmoja. Chochote kinachozigusa zote kinaondoa ulinzi huo. Glasgow, usiku wa tarehe 29 Novemba 2013, helikopta ya polisi aina ya EC135, mjukuu wa Bo 105, ilianguka juu ya baa ya The Clutha, na watu kumi wakafariki. Wachunguzi wa Uingereza walikuta injini zote mbili hazikuwa na hitilafu. Tangi kuu lilikuwa na zaidi ya kilo 70 za mafuta, lakini pampu za kuyapeleka kwenye matangi madogo ya injini zilikuwa zimezimwa. Ya kwanza ilikosa mafuta, na sekunde 32 baadaye ya pili ikafuata.

Kwa hiyo katika hanga letu fundi mmoja hagusi injini zote mbili kwa kazi ileile siku moja. Tukiwa wachache na lazima ifanyike, mtu wa pili anakagua kila nati kwa spana, si kwa macho, na anatia saini yake katika logibuku. Wenye ndege wanalalamika kuhusu muda. Nawaelewa, ndege iliyokaa chini haileti hela, lakini hapo sipungui.

Jioni ile kijana alikaza nati upya mbele yangu, akafuta rangi ya zamani, akachora nyingine. Tukaiwasha ya kushoto peke yake, tukasikiliza, tukalinganisha geji na rekodi ya wiki iliyopita, tukaizima. Ya kulia ilioshwa siku iliyofuata na fundi mwingine.