Kupima mifupa ya uso wa mtoto sio mambo ya urembo

Wiki hii tena nimeulizwa, "Daktari, mtoto mdogo hivi uso mnampimia nini, si akue kwanza, urembo baadae?" Jamani, hili nimelisikia mpaka nimechoka.

Chukua mtoto mwenye Treacher Collins, hitilafu ya kuzaliwa ya mifupa ya uso, anayezaliwa kama mmoja kwa kila watoto 50,000. Taya la chini ni dogo, mifupa ya mashavu haijajijenga. Taya likirudi nyuma na ulimi unarudi nao, unakaa kooni, akilala chali hewa haipiti. Mvue shati akiwa usingizini uone, anakoroma, panabonyea chini ya shingo na kati ya mbavu kila akivuta pumzi, halafu kimya, halafu anashtuka. Huyo ndo tunampima. Naweka karula kadogo kwenye fizi nione ya chini imeachwa na ya juu milimita ngapi, na kwenye CT skani, zile picha za mionzi zinazoonyesha mifupa pande zote, tunaweka alama kona ya taya na ncha ya kidevu tupate urefu wa kila upande, maana hazilingani kila mara. Namba hizo pamoja na kipimo cha usingizi, cha kuona anavyopumua akilala, ndo zinatusaidia kuamua kama kumlaza kifudifudi chini ya uangalizi kunatosha, au taya likatwe livutwe taratibu, kama milimita moja kwa siku. Hapo urembo uko wapi?

"Basi CT moja inatosha." Haitoshi, uso unakua, namba ya miaka 2 huwezi kuitumia akiwa na 8. Na CT ina mionzi, kwa hiyo katikati tunatumia picha za 3D za kamera. Halafu msikubali alinganishwe na watoto wa kizungu tu, ile pembe ya taya la juu wanayoiita kawaida, digrii 82, watoto wetu wengi wanaizidi na ni wazima kabisa.

"Kwenye ukoo wetu hakuna." Karibu 60% ya Treacher Collins ni badiliko jipya la jeni, na kuna wazazi wanalo lakini dalili zao ni kidogo sana hata hawajui, ndo maana nawaangalia na nyie nyuso.

"Uso ule akili hana." Hili linaniuma. Wengi akili zao ni timamu, ila vifupa vya sikio la kati havikujijenga, hasikii. Mpimeni masikio mapema, miezi ya mwanzo kabisa, avalishwe kifaa kinachopitisha sauti kwenye mfupa, ndo mje mniambie kama ni mzito.